Wavu Haramu Hukauka Mnunuzi Akikataa

Polisi yeyote aliyepita katika chuo cha mafunzo anafahamu kwamba sheria haimwadhibu mwizi peke yake. Mtu anayepokea mali ya wizi, huku akijua kuwa ni ya wizi, naye hufikishwa mahakamani, kwa sababu waliotunga sheria walitambua kuwa mwizi haibi redio kumi ili azisikilize zote usiku mmoja. Huiba kwa kuwa yuko mtu anayengoja kununua. Mwanajeshi naye hufundishwa jambo hilo hilo kwa njia nyingine: adui aliyekatiwa njia ya ugavi hana siku nyingi, hata kama silaha zake ni nyingi na wapiganaji wake ni hodari. Ningependa ndugu wasomaji, wa jeshi na wa polisi, tuyachukue mafunzo hayo mawili ambayo sote tunayo, tuyatumie katika jambo ambalo kwa muda mrefu tumelitazama kwa jicho moja tu, nalo ni uvuvi unaoangamiza samaki.

Hapa Uganda, tangu wanajeshi walipopelekwa kwenye maziwa mwaka 2017 kuzuia uvuvi haramu, fikira za watu wengi zimekuwa kwamba kuokoa samaki ni kazi ya boti ya doria. Nyavu zilikamatwa zikachomwa moto, mitumbwi ikaharibiwa, watu wakapelekwa mahakamani. Wako waliosifu, na wako waliolalamika, hata Bungeni, kwamba mkono wa askari umekuwa mzito mno juu ya mvuvi maskini. Sikusudii kuamua kesi hiyo hapa. Ninalotaka kusema ni kwamba hata doria iliyo bora kupita zote, yenye nidhamu kamili na mafuta ya kutosha, haiwezi peke yake kulishinda soko. Samaki haramu hutolewa majini na mvuvi, lakini anayemgeuza kuwa fedha ni mnunuzi. Mnunuzi akimkataa, wavu uliomnasa hauna kazi tena.

Kwanza tuelewane juu ya maana. Kuvua kwa kuangamiza ni kuvua kwa namna inayoharibu kile kinachozaa samaki wa kesho. Baruti ikilipuka penye matumbawe huua kila kiumbe kilicho karibu, mkubwa kwa mdogo, na kuubomoa mwamba ambao umejengeka kwa miaka mingi. Kokoro likiburutwa hadi ufukweni hukomba vifaranga na kuvuruga mazalia. Nyavu nzito zinazokokotwa na meli kubwa hukwangua sakafu ya bahari na kuacha nyuma yake kitu kama shamba lililopitiwa na tingatinga. Na wavu wa matundu madogo humtoa sangara ziwani kabla hajazaa hata mara moja. Vyombo hivyo vinatofautiana, lakini vyote hufanya tendo moja: hula mbegu. Mkulima anayekula mbegu zake hatuhitaji kumwuliza atavuna nini msimu ujao.

Sasa tuangalie jinsi wanunuzi wa nchi nyingine walivyoitumia nguvu yao. Mfano wa kwanza unatoka Bahari ya Pasifiki. Katika sehemu ya mashariki ya bahari hiyo, kwenye maji ya joto, jodari wakubwa wana tabia ya kuogelea chini ya makundi ya pomboo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wavuvi wa meli kubwa waliitumia tabia hiyo. Waliwatafuta pomboo wanaoonekana juu ya maji, wakawafukuza kwa boti za mwendo wa kasi, kisha wakawazungushia wavu mkubwa pamoja na jodari waliokuwa chini yao. Pomboo si samaki. Huvuta hewa kama sisi, na akinaswa chini ya maji hufa kwa kukosa pumzi. Inakadiriwa kwamba zaidi ya pomboo milioni 6 wameuawa kwa njia hiyo tangu uvuvi huo ulipoanza.

Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda wanyama wa baharini mwaka 1972. Sheria hiyo ilipunguza mauaji, lakini haikuyamaliza. Meli nyingi zilikuwa zikipeperusha bendera za nchi nyingine, na jodari wa mkebe aliendelea kuuzwa madukani bila mtu kuuliza alivuliwaje. Ndipo mwaka 1988 wananchi wa nchi hiyo walipoonyeshwa katika televisheni filamu iliyopigwa na Sam LaBudde, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa ameajiriwa kama mpishi katika meli ya jodari yenye bendera ya Panama, naye akaitumia kamera yake bila wenye meli kujua nia yake. Wasomaji walio katika kazi ya upelelezi watatambua mara moja aina ya kazi aliyoifanya. Watu waliona kwa macho yao pomboo wakihangaika wavuni na kufa. Hawakungoja sheria nyingine. Walianza kususia jodari wa mkebe, wakaandika barua kwa makampuni, hata watoto wa shule wakaandika.

Matokeo yake ni haya. Tarehe 12 Aprili 1990 kampuni ya Heinz, iliyokuwa ikimiliki mikebe ya StarKist, ilitangaza kwamba haitanunua tena jodari waliovuliwa kwa kuwazungushia pomboo wavu. Siku hiyo hiyo makampuni mengine mawili makubwa, Bumble Bee na Chicken of the Sea, yakafuata. Mwaka huo huo Bunge la Marekani likatunga sheria ya kusimamia maneno yanayoandikwa juu ya mikebe kuhusu usalama wa pomboo. Mwaka 1986 pomboo waliouawa walikuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 1993 walikuwa chini ya 5,000. Tuseme kwa haki kwamba upungufu huo haukuletwa na wanunuzi peke yao. Manahodha walifundishwa namna ya kuwatoa pomboo wavuni wakiwa hai, wasimamizi wakawekwa melini, na mwaka 1992 nchi zinazovua zikapatana kuweka viwango. Lakini baadhi ya mbinu hizo zilijulikana tangu zamani, na zilipata nguvu mpya mlango wa soko ulipofungwa. Nahodha hupenda kufuata taratibu anapojua kwamba bila kufuata hana wa kumwuzia.

Mfano wa pili unatoka Ulaya Magharibi. Huko watu wengi hawanunui samaki kwa mchuuzi wa ufukweni. Hununua katika maduka makubwa ya kujihudumia, yaani supamaketi, na makampuni machache ndiyo yanayoshika sehemu kubwa ya biashara hiyo. Hali hiyo ni mbaya kwa mchuuzi mdogo, lakini imewapa wananchi shabaha iliyo wazi. Si rahisi kuzungumza na mamia ya meli zilizotawanyika baharini. Mkurugenzi wa duka, kinyume chake, ana ofisi, ana jina, na anaogopa wateja wake wasihamie duka la jirani.

Katika Uingereza, shirika la Greenpeace lilitoa mwaka 2005 orodha iliyoyapanga maduka makubwa kwa jinsi yanavyonunua samaki. Duka la Asda likawa mkiani. Hakuna mfanyabiashara anayependa kuitwa wa mwisho mbele ya wateja wake, na mwaka 2006 Asda ikatangaza mabadiliko katika ununuzi wake wa samaki. Orodha ya karatasi, isiyo na pingu wala rungu, ilifanya kazi ambayo maonyo mengi hayakuifanya.

Kisa cha Ufaransa kinafundisha zaidi. Meli za nchi hiyo zilikuwa zikivua katika vilindi vya Atlantiki kwa nyavu za kukokota, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki. Viumbe wa kilindini hukua polepole mno. Wako samaki wa huko wanaoishi zaidi ya miaka 100, na matumbawe ya baridi yaliyoko huko huhitaji mamia na maelfu ya miaka kufikia ukubwa wake. Wavu ukipita mara moja, hasara yake haitalipwa katika uhai wa mjukuu wa mvuvi. Mwanamke mmoja, Claire Nouvian, pamoja na chama chake kiitwacho Bloom, alishika kazi ya kuwaeleza wananchi jambo hilo. Novemba 2013 mchoraji Pénélope Bagieu alichora hadithi ya katuni iliyoeleza uvuvi huo kwa lugha nyepesi, na mamia ya maelfu ya watu wakatia saini zao kuupinga.

Desemba 2013 hoja ya kuupiga marufuku uvuvi huo ilifika katika Bunge la Ulaya. Ikashindwa kwa kura 342 dhidi ya 326. Mtu asiye na subira angesema vita vimekwisha na adui ameshinda. Lakini kura ya bunge haimlazimishi mama wa nyumbani kununua samaki asiyemtaka. Shinikizo likaelekezwa madukani, hasa kwa Intermarché, kampuni ambayo ina maduka na pia ilikuwa na kundi kubwa la meli za kilindini. Januari 2014 kampuni hiyo ikatangaza kwamba meli zake zitaacha kuvua chini ya kina cha mita 800. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya wenyewe ukapitisha sheria ya kukataza nyavu za kukokota chini ya kina hicho hicho katika maji yake. Angalieni mpangilio wa mambo: sheria ilikataliwa kwanza, soko likatangulia, kisha sheria ikafuata nyayo za soko. Askari tumezoea kudhani kwamba sheria ndiyo inayoongoza na raia ndio wanaofuata. Katika kisa hiki raia waliongoza kwa kikapu cha sokoni.

Nisingekuwa mkweli kama ningesema kwamba silaha hii haina kasoro. Mwaka 1997 kampuni ya Unilever na shirika la WWF walianzisha baraza la kutoa alama kwa samaki waliovuliwa kwa utaratibu mwema, ili mnunuzi apate kuwatambua. Alama hiyo imesaidia, lakini imelaumiwa pia: wako wanaosema imetolewa kwa wavuvi wasiostahili, na ni kweli kwamba gharama za kukaguliwa huwa nzito kwa mvuvi mdogo wa nchi maskini hata kama uvuvi wake hauna dhambi. Aidha, kampuni inaweza kutoa ahadi mbele ya magazeti na kuisahau magazeti yakiisha kusomwa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili haridhiki na picha iliyobandikwa juu ya mkebe. Huuliza, hurudi, na huuliza tena.

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya watu wenye mali, wenye kuchagua katika majokofu ya dukani, nayo hayatuhusu sisi tunaonunua samaki juu ya turubai kando ya barabara. Yanatuhusu, na tena tuliyaonja sisi wenyewe kabla ya kisa cha Ufaransa. Sangara wa Ziwa Victoria, ambaye wengi wetu humwita mputa, ni mgeni aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Viwanda vilipojengwa, minofu yake ikaanza kupelekwa Ulaya, ikauzwa katika maduka yale yale niliyoyataja. Kati ya mwaka 1997 na 1999 soko hilo lilifungwa zaidi ya mara moja, kwanza kwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, halafu kwa sababu ya habari kwamba watu walikuwa wakitumia sumu kuvua. Kutia sumu majini ili kupata samaki ni uvuvi wa kuangamiza wa kiwango cha juu kabisa, nao ulikuwa umekatazwa na sheria kwa miaka mingi.

Soko lilipofungwa, viwanda vikapunguza kazi, bei ya samaki kwenye mialo ikaanguka, na serikali za Uganda, Kenya na Tanzania zikalazimika kutenda kwa haraka. Ukaguzi ukapangwa upya, maabara zikaimarishwa, na mialo iliyokuwa haina sakafu wala maji safi ikaanza kutengenezwa. Mnunuzi aliyekaa mbali alitingisha ziwa zima bila kutuma hata boti moja. Lakini tusisahau upande wa pili wa somo hilo. Aliyeumia kwanza ni mvuvi na mchuuzi, ambao wengi wao hawakuwa wametia sumu yoyote. Silaha inayopiga bila kulenga huua raia wema. Kwa hiyo kususia kunakofaa ni kule kunakokataa njia mbaya ya kuvua na kumfungulia mlango mvuvi anayefuata njia njema, hata ikibidi kumlipa zaidi.

Kama mtu bado anaamini kwamba nguvu peke yake inatosha, na autazame uvuvi wa baruti katika pwani ya Tanzania. Sheria ya kuukataza ni ya tangu mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jeshi la majini liliingia katika kazi hiyo, na milio ya baruti ikapungua sana. Operesheni ilipokwisha, katika miaka ya 2000 milio ikarudi. Baruti haikurudi kwa sababu askari walikuwa wazembe. Ilirudi kwa sababu wakati wote wa operesheni soko lilibaki pale pale: mama lishe, mwenye hoteli na mwenye gari la barafu wote walikuwa wakingoja, na hakuna aliyewauliza kitu. Ilibidi kuanza upya, na kikosi kilichoundwa baadaye katika miaka ya 2010 kilizikusanya idara nyingi za serikali pamoja, ndipo milipuko ikashuka tena. Tukiacha soko likiwa hai, tunajiwekea miadi ya kurudi kupigana vita vile vile.

Tena liko jambo la haki, nalo linanigusa kama ofisa ambaye kazi yake ni kusimama kati ya jeshi na wananchi. Mvuvi mwenye wavu haramu huonekana kwa urahisi: yuko juu ya maji, hana pa kujificha, na mara nyingi wavu wenyewe ameukopa kwa tajiri. Tajiri haonekani. Mwenye lori la kupakia samaki wachanga usiku haonekani. Mnunuzi wa mjini, aliyevaa suti, anayekula ngege wa urefu wa kiganja na kulipa kwa noti safi, huyo hata hafikiri kwamba anahusika. Fimbo ikimwangukia mmoja tu kati ya hawa wote, wananchi watasema ni uonevu, na sisi tutapata shida kuwajibu. Lakini wakiona kwamba sheria inauliza kuanzia ufukweni hadi mezani, wataelewa kwamba inalinda mali yao.

Juni 2018 maofisa wa wizara inayohusika na uvuvi nchini Tanzania waliingia katika mkahawa wa Bunge mjini Dodoma, wakapima kwa rula samaki waliokuwa wamepikwa, na wakasema kuwa wako wasiofikia kipimo. Waheshimiwa wengi walikasirika, na mitaani watu walicheka kwa siku kadhaa. Mtu anaweza kubishana juu ya adabu ya kupima samaki aliyekwisha kaangwa. Hata hivyo swali lililoulizwa siku ile lilikuwa swali sahihi, na liliulizwa mahali sahihi: je, wanaotunga na kusimamia sheria wanakula nini?

Swali hilo sasa nalileta kambini na kituoni. Jeshi, polisi na magereza ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chakula katika nchi yoyote. Mahali penye mamia ya watu wanaokula kila siku, mzabuni anayeleta samaki husikiliza kwa makini anachoambiwa langoni. Huko Ulaya wananchi walihitaji kukusanya saini kwa maelfu ili mwenye duka awasikilize. Sisi tuna bohari moja, ofisa ugavi mmoja na mkataba mmoja. Kipengele kimoja cha mkataba kinachosema kwamba samaki wasiofikia kipimo watarudishwa kwa gharama ya mzabuni kinaweza kufanya kazi ya doria nyingi. Na siku mzigo wa kwanza utakaporudishwa langoni, habari itafika kwenye mwalo kabla ya gari lenyewe.

Baada ya mesi kuna nyumba zetu. Tusijidanganye kwamba hatujui. Askari anayekwenda sokoni anaweza kupima bila rula. Sangara wa halali hapungui sentimita 50, ambazo zinazidi kidogo urefu wa tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati cha mtu mzima. Asiyefika hapo ni mtoto, na sangara jike huchelewa kukomaa kuliko dume, kwa hiyo kila mchanga anayeuzwa huenda ni mama aliyekatwa kabla ya kuzaa. Ngege, ambaye jirani zetu wa Tanzania humwita sato, akiwa mfupi kuliko shubiri moja hana cha kujitetea. Kwa walio pwani, au wanaotumwa huko kwa kazi, samaki wa baruti hujulikana akipasuliwa: uti wa mgongo umevunjika, damu imevuja ndani, matumbo yamepasuka na nyama imelegea, ingawa ngozi yake ya nje haina jeraha la ndoana wala alama ya wavu.

Najua jibu litakalotolewa. Mshahara wa askari si mkubwa, watoto wanataka kula, na samaki mchanga ni rahisi. Sidharau hoja hiyo. Lakini rahisi hiyo ni mkopo, na wanaoulipa ni watoto wale wale, watakapokua na kukuta samaki ni chakula cha matajiri. Tena si kila samaki mdogo ni mchanga. Mukene, yaani dagaa, ni mdogo kwa maumbile yake. Huzaa upesi, na akivuliwa kwa wavu unaoruhusiwa ni chakula cha halali, cha bei nafuu na chenye nguvu mwilini. Mwenye fedha kidogo anunue mukene, naye atakuwa amelisha nyumba yake bila kulitia ziwa njaa. Kupenda sahani yenye kichwa na mkia wa ngege mchanga kuliko bakuli la mukene ni mazoea tu, na askari ni mtu aliyezoezwa kubadili mazoea.

Liko na jambo la mwisho, ambalo ni afadhali lisemwe na mmoja wetu kuliko lisemwe na wengine. Askari aliye kizuizini barabarani au kwenye mwalo hukutana na samaki haramu kila mara, na mwenye samaki hao huwa mkarimu sana. Hutoa wa mboga. Huyo wa mboga hauzwi wala hanunuliwi, hivyo mtu anaweza kudhani kuwa si biashara. Lakini ndiye ghali kuliko wote. Amenunua macho ya askari, na kwa bei ya mlo mmoja mzigo mzima umepita. Mwananchi anayeshuhudia hatasikiliza tena neno letu lolote juu ya sheria. Hatuwezi kuwaomba raia waususie uvuvi mbaya wakati sisi wenyewe tunaupokea ukiwa umefungwa katika gazeti.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji bajeti mpya wala amri kutoka mbali. La kwanza, kila mkuu wa kambi na wa kituo chenye mesi aagize kwamba samaki wapimwe langoni kama vile mafuta na sare zinavyohesabiwa, na mzigo usiofaa urudishwe mbele ya mashahidi. La pili, kila askari na familia yake wamwulize mchuuzi swali moja kabla ya kutoa fedha: samaki huyu ametoka wapi, na amevuliwa kwa nini? Mchuuzi akiulizwa na mtu mmoja atacheka. Akiulizwa na watu ishirini kwa siku ataanza kumwuliza aliyemletea. La tatu, samaki wa zawadi kizuizini akataliwe, na anayemtoa afuatwe hadi kwa mwenye lori.

Pomboo wa Pasifiki na vilindi vya Atlantiki vilipata nafuu watu wa kawaida walipokataa kulipia uharibifu. Hawakuwa na cheo, hawakuwa na silaha, na wengi wao hawakuwahi kuiona bahari hiyo waliyoitetea. Sisi ziwa letu tunaliona, tuna nidhamu, na tuna desturi ya kutii agizo tulilojiwekea. Doria iendelee kwa haki na kwa utu, maana mwizi wa ziwa bado yuko. Lakini kila jioni, sufuria inapotiwa jikoni, kila mmoja wetu yuko zamu. Atakayeruhusu samaki haramu aingie ndani ya sufuria hiyo asishangae akikutana na wavu wake tena kesho asubuhi majini.